Mwanangu, usianze upya

Mwanangu,

Mbukwa. Ujumbe wako nimeupata. Unasema chuoni mlisomeshwa lugha za kuandikia programu za Java na PHP, sasa matangazo ya kazi yanataka Python na Kotlin, na wenzako wanakutisha kwamba akili mnemba itaandika msimbo wote. Unauliza, "Mama, nianze upya au nitafute kazi nyingine?"

Usianze upya. Na huo mfumo wa kompyuta unaoujengea ushirika wa wakulima wa zabibu usiuache, maana unakufundisha kuliko kozi zote unazomalizia bando.

Lugha unazoziita mpya nyingine ni dada zako wakubwa. Python ilitoka 1991. Java, PHP na JavaScript zote ni za 1995. SQL, lugha ya kuulizia kanzidata unayoiandika kila siku, ilianzia IBM miaka ya 1970. Kotlin kweli ni binti mdogo: kampuni ya JetBrains waliitangaza 2011, Google wakaipokea kwenye Android 2017. Lakini nayo hutumia maktaba za Java, kwa hiyo uliyoisoma haijaenda bure.

Sisemi hakuna zinazokufa. Sisi ofisini tulikuwa watu wa Visual Basic 6, ya 1998, na 2008 Microsoft wakaacha kuihudumia. Vitufe na menyu zake nilivikariri vyote, leo sina kazi navyo. Kupanga majedwali ili taarifa zisijirudie, na kulisaka kosa kwa kupunguza msimbo kidogo kidogo mpaka libaki peke yake, ndivyo vinavyoniweka mjini hadi leo.

Fanya jaribio hili. Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python, kisha JavaScript, kisha Java. Zote zitakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta inatunza namba hizo kwa mfumo wa mbili, na humo sehemu moja ya kumi haiishi, kama theluthi isivyoisha kwenye desimali zetu. Kanuni yenyewe, IEEE 754, ni ya 1985, na lugha karibu zote zinaifuata. Sasa zidisha kilo za mkulima wa Hombolo kwa bei, ujumlishe msimu mzima, halafu umweleze mhasibu kwa nini vitabu havilingani. Hapo hakuna atakayekuuliza umetumia lugha gani.

Na lile la vijiji ulilolilalamikia? Karani mmoja anaandika Ng'ong'ona, mwingine Nghonghona, wa tatu Ng'hong'honha, na mfumo wako unahesabu vijiji vitatu. Dawa yake ni jedwali la vijiji lenye namba za utambulisho, karani achague badala ya kuandika. Ukihamia Kotlin kesho, tatizo utalikuta limekaa palepale.

Akili mnemba itumie, mimi mwenyewe naitumia, tena sana. Inaandika upesi kuliko mimi na wewe. Ila haijawahi kukaa na katibu wa ushirika ikamsikiliza, na haijui kwamba hivyo vijiji vitatu ni kimoja mpaka umeiambia. Mstari ambao huwezi kunieleza unafanya nini, usiuweke kwenye mfumo wa pesa za watu. Hapo sina mzaha.

Python jifunze, lakini kwa kazi: chukua ripoti ya mwezi unayoitoa kwa PHP, iandike upya kwa Python, ulinganishe majibu. Kotlin isubiri hadi ushirika utakapotaka programu ya simu. Kukusanya vyeti vya lugha tano ambazo hujajengea chochote, naona ni kupoteza usingizi.

Halafu, kwenye ile picha ya kanzidata uliyonitumia, safu ya malipo umeiweka FLOAT, aina inayotunza namba kwa ule ule mfumo wa mbili. Ibadilishe iwe DECIMAL, inayotunza desimali kama zilivyo, kabla mizani haijaanza kupokea zabibu, na zile jumla za msimu uliopita zipige upya ukiwa na mhasibu.

Baba yako anakusalimu.

Mama