Kuhusu kuacha vidonge vya sonona ujaribu uyoga

Mdogo wangu wa Uyole, unauliza kama uache vidonge vya sonona ulivyopewa hospitali, ujaribu chembe za uyoga wa kulevya alizokusifia rafiki yako. Usiache. Mwaka 2021 watafiti wa Imperial College London walichapisha matokeo ya watu 191 waliomeza dozi ndogo za vilevi vya aina hiyo au kapsuli tupu bila kujua ipi ni ipi. Wa kapsuli tupu nao walipata nafuu ileile!

Na huo uyoga utautoa wapi? Huku kwetu wakati wa mvua, hata bibi anayeuza uyoga kwenye ndoo barabarani huugeuza mmojammoja akikagua shina, na bado kuna wanaokosea wakafa. Sheria nayo hairuhusu huo uyoga wa kulevya.

Hivyo vidonge kama vinakukausha mdomo, rudi kwa daktari akubadilishie.