Mvua ya Bibi Yako

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Swali lako ni fupi: kesho katika taarifa ya saa mbili usiku muombe radhi hewani, au mnyamaze yapite? Kijana wenu, mwenye miezi miwili tu kwenye kiti cha habari, alifika kwenye jina la Kumamoto, akalisoma kama lilivyoandikwa. Herufi nne za mwanzo zikamtoka kavukavu. Akasita. Akalirudia jina, safari hii kwa sauti ya mtu anayebana pumzi, kisha kicheko kikamshinda, mkamkata na kuingiza matangazo ya biashara. Simu zikaanza kulia. Mkuu wako anataka radhi, na wewe uliyekuwa zamu ndiye wa kuiandika.

Nitafika huko. Kwanza jina lenyewe halina kosa. Kumamoto ni mji wa kisiwa cha Kyushu, na herufi zile nne kwa Kijapani maana yake ni dubu. Dubu, basi. Mwaka 2010 mkoa wao ulijitengenezea kikaragosi cha dubu mweusi mwenye mashavu mekundu, wakamwita Kumamon, na miaka yote hii watoto wanalitaja jina lake mbele ya bibi zao na hakuna anayeziba masikio. Nimekwambia tangu ukiwa na meno ya utoto, na marehemu baba yako alikuwa akinitania kwalo: tusi haliishi mdomoni, linaishi sikioni.

Unaikumbuka ile Pajero ya mjomba wako, aliyokuwa akiiosha kila Jumamosi kama anamwogesha bwana harusi? Mitsubishi walipolipeleka gari hilo Hispania na nchi nyingi za Amerika ya Kilatini walilibatiza Montero, kwa sababu pajero kwa Kihispania cha mitaani ni tusi la nguoni, la mwanamume anayejistarehesha peke yake. Mjomba wako angejua, angeliuza siku hiyo hiyo. Na Quebec, kule Kanada, ndiko kunakonifurahisha zaidi. Mtu akijipiga nyundo kidoleni hataji kiungo chochote cha mwili. Anataja vitu vya kanisani: tabernakulo, kalisi, hostia, na akikasirika kwelikweli anaviunganisha vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. Mfaransa wa Paris, mwenye lugha hiyo hiyo, anaweza kudhani mwenzake anahesabu mali ya parokia.

Hata Waingereza na Waaustralia hawasikilizani. Mwaka 2006 Australia ilitengeneza tangazo la kuita watalii, na mwishoni msichana wa ufukweni anawauliza wageni wako wapi, akitia na neno "bloody", ambalo kwao ni chumvi tu ya mazungumzo. Wakaguzi wa matangazo ya televisheni Uingereza wakalizuia. Australia ikalalamika, wakalegeza. Serikali mbili na lugha moja, wanagombania kivumishi.

Lakini haya yote nayaandika nikizunguka mbuyu. Unajua ninakoelekea, maana kisa hiki umekisikia kwa baba yako, naye alikisimulia kwa kuchekesha. Mimi sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa na wiki ya sita katika kituo kile, upande wa pili wa mpaka. Wakati huo ramani ya hali ya hewa ilikuwa ubao, na mawingu yalikuwa ya karatasi ngumu yenye gundi nyuma. Nilikuwa nimeshika wingu la kijivu lililochakaa pembeni, nikalibandika kusini, nikageuka kuitazama kamera nikatabasamu, nikasema: "Kesho asubuhi mvua itakunya maeneo ya kusini, na kufikia jioni itakunya zaidi."

Kwa bibi yako, na kwa kila mtu aliyenilea, hayo ni maelezo ya mvua. Yanya, imekunya, itakunya. Fungua kamusi kwenye kitenzi hicho, mvua imo. Lakini kule nilikokwenda, kitenzi hicho kilikuwa kimebaki na kazi moja tu, ile ya chooni. Nikaona picha kwenye skrini ya pembeni inatikisika. Nilidhani ni mtambo umeharibika. Alikuwa mpiga kamera, ameukumbatia mtambo kwa mikono miwili, mabega yanamruka, na nchi nzima juu ya ubao ikawa inatetemeka pamoja naye, na mimi katikati, bado natabasamu. Sikujua. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliendelea kutabasamu.

Unakijua kile kipande cha BBC cha Mei 2006 mlichokuwa mkikirudia sebuleni? Guy Goma, mzaliwa wa Congo, amekwenda pale kwenye usaili wa kazi, anachukuliwa kimakosa, anaketishwa studio, na mtangazaji anamtambulisha kwa jina la mtu mwingine kama mtaalamu wa teknolojia. Ule uso wake! Ninyi mlikuwa mnagaragara kwenye zulia. Mimi uso ule nilikuwa naujua kwa ndani, ndiyo maana nilikuwa naondoka kwenda kutazama chungu.

Basi, radhi. Mhariri wa zamu aliniandikia mstari mmoja nikausome kesho yake: "Tunaomba radhi kwa neno lililotumika jana katika taarifa ya hali ya hewa." Nikamuuliza nilitaje neno lenyewe, watu waelewe? Akanitazama kama nimemtukana yeye. Kwa hiyo nikasoma. Waliokuwa wameliona jana wakacheka upya, na wasioliona, ambao ndio walikuwa wengi, wakaanza kuulizana ni neno gani. Usiku mmoja tusi la dakika moja likawa la wiki nzima. Nikaondolewa kwenye hali ya hewa nikapewa kusoma matangazo ya vifo, saa tano usiku, miezi mitatu.

Siku ya radhi niliomba simu nikampigia bibi yako. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani kwao mvua hufanyaje?" Nikamwambia inanyesha. "Inanyesha nini?" Mungu ndiye anyeshaye, akasema, mvua yenyewe yanya. Na alikuwa na haki, maana kunyesha kumetoka humo humo kwenye kunya, kama kulisha kulivyotoka kwenye kula. Mwanamke asiyewahi kukalia dawati la shule alinipa somo la sarufi kwenye simu ya kuazima, na mimi nilikuwa nimeshaomba radhi.

Hilo silo la mwisho. Likizo yangu ya kwanza nilirudi nyumbani msimu wa masika. Tuko barazani, mawingu yameshuka, naye akatazama juu akasema, "Leo itanyesha." Pole pole, neno kwa neno, kama mtu anayejaribu viatu vya mgeni. Kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo hadi anafariki, mbele yangu hakuisema tena mvua kwa neno lake. Sikuwahi kumwambia aache. Nilidhani tutapata nafasi.

Sasa ngoja, maana najisikia nimeegemea upande mmoja. Kama tusi linaishi sikioni, basi mdomo hauna hatia kamwe? Hapana. Kenneth Tynan, mhakiki wa tamthilia Mwingereza, Novemba 1965, kwenye BBC, mubashara, alilitamka lile neno la Kiingereza linaloanzia na F, na alilitamka akijua analolitamka, hata wabunge wakapeleka hoja bungeni. Huyo mdomo wake ulikuwa na akili timamu. Na Desemba 1976, Bill Grundy, mtangazaji wa Thames Television ya London, aliwaketisha studio vijana wa bendi ya Sex Pistols, mapema jioni, watoto wakiwa bado sebuleni, akawachokoza waseme kitu cha kushtua. Wakasema. Kituo kikamsimamisha yeye wiki mbili, na mimi naona walimpata mtu sahihi. Kwa hiyo kuna mdomo, kuna sikio, na kuna mwenye kuchokoza. Wa tatu huyo ndiye tunayemsahau.

Halafu yupo yule kijana wa North Dakota, Marekani, 2013, jioni yake ya kwanza kabisa kama mtangazaji. Hakujua maikrofoni iko wazi, akaporomosha matusi mawili kabla hata ya salamu. Wakamfukuza. Kila nikimkumbuka nasema moyoni, jioni ya kwanza, jamani. Kisha najijibu: maikrofoni huihesabu kuwa iko wazi hadi uwe nyumbani umevua viatu, hilo mtu hufundishwa kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi. Kisha nasema tena, jioni ya kwanza.

Na usinitajie ile mitambo ya kuchelewesha matangazo sekunde chache ili mtu awahi kitufe. Inamnasa anayetukana. Kwa dubu haina msaada wowote, na kwa kicheko nako sijui ungekifunika kwa mlio gani.

Narudi kwa kijana wako, na hapa ndipo ninapokwama. Aliposoma Kumamoto alikuwa mimi. Alisoma kilichoandikwa, na nikisikia mtu anataka kumwombea radhi kwa herufi nne za jina la mji wa watu, damu inanichemka, maana mkisema hewani kwamba neno lile ni chafu mtakuwa mmewaambia watu wa mji ule kwamba kwao ni uchafu. Tusi linaishi sikioni, na sikio safari hii ni letu. Lakini alipocheka hakuwa mimi tena. Alikuwa yule mpiga kamera, na nchi ya watu inatikisika mikononi mwake. Tena umeandika kwa haraka, kwenye mstari wa nyongeza, kama jambo dogo, kwamba habari yenyewe ilikuwa ya kumbukumbu ya waliokufa kwenye tetemeko la Aprili 2016. Mwanangu, mstari huo ndio ulipaswa kuwa wa kwanza.

Ila naye ni mtoto. Kicheko cha namna ile hakiombi ruhusa, kinapanda chenyewe, na kadiri unavyokibana ndivyo kinavyokukomoa. Baba yako alicheka msibani kwa shangazi yake mwenyewe, tena safu ya mbele, na hakuna aliyempenda shangazi yule kuliko yeye. Na yule mpiga kamera, nikuambie ukweli, alikuja baadaye kuniomba msamaha ana kwa ana, macho mekundu, nami nilimjibu "haidhuru" kwa sauti niliyojua itamchoma. Nilitaka imchome. Sikupenda nilivyoona raha.

Umuulize kwanza, huyo kijana, kabla hujaandika chochote. Umuulize alikuwa anacheka nini. Usimuulize mbele ya mkuu wako.

Kuhusu radhi, iwepo au isiwepo, na ikiwepo itaje neno, itaje kicheko, au iwataje wafu, nilikuwa nimekuandikia mstari mzima hapa, pamoja na la kufanya na kijana. Nimeukata kwa kalamu, mara mbili, kwa sababu dawati ni lako na mkuu ni wako. Wino wenyewe ni mwepesi. Ukiinua karatasi kwenye taa utausoma, na ukiusoma usiniambie.

Mama yako