Jibu: Kuhamisha mafaili kutoka Mkomani hadi Mokowe

Assalaam aleikum ndugu yangu. Umesema mafaili ya ofisi yenu yako ghorofani Mkomani, mjini Lamu kisiwani, ghala jipya ni Mokowe, ng'ambo ya maji upande wa bara, na umekwama hujui uanze na mashua au maboksi.

Anza na ghala. Nenda siku ya mvua ukatazame paa, kisha kagua kuta kama zina njia za mchwa. Rafu ziinuliwe sakafuni na zisigusane na ukuta, na ziwe imara: mita moja ya mafaili yaliyosimamishwa ina uzito wa karibu kilo 50. Kama ni kumbukumbu za serikali, msichome wala kutupa chochote bila idhini ya Kumbukumbu za Taifa, hata karatasi zilizoliwa na mende.

Maboksi yawe madogo, kwa sababu yatashuka ngazi nyembamba mikononi mwa hamali, kisha punda hadi gati. Andika namba ubavuni, si kwenye kifuniko. Daftari la namba liwe nakala mbili, moja kila upande wa maji.

Kuvuka ndiko kulikotuumiza sisi. Tulipakia wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi), maji yametoka kabisa, ngazi zinateleza. Maboksi mawili yakaingia baharini. Karatasi zikilowa zianikwe siku hiyo hiyo kwenye upepo, kivulini, maana ukungu huweza kuanza ndani ya saa 48. Pakieni maji yakijaa, asubuhi, turubai juu na chini. Epukeni Aprili na Mei.

Je, hati za ardhi zimo? Hizo zisafiri peke yake, na mtu wenu akizishika.