Maswali yenu ya Kiingereza: maneno ya ajabu na mshangao

Mwalimu, nikiwaambia wageni "I am surprising" wananicheka. Kosa liko wapi? (Mtembeza wageni, Shangani)

Swali hili nimelijibu hapa na bado linarudi. Anza na Kiswahili chako: unasema "nimeshangaa" au "nashangaza"? Aliyeshangaa ni "surprised". Kinachomshangaza ni "surprising". Kwa maneno haya, penye -za kwetu, kwao pana -ing. Kwa hiyo umewaambia wageni kwamba wewe ni kioja. "Amazed" na "amazing" nazo ni hivyo hivyo. Baada ya "surprised" weka "at" au "by", kamwe si "of". Na msiimeze r ya kwanza mnapoandika: Waingereza wengi hawaitamki, ndiyo maana inadondoka kwenye madaftari.

"I wonder where is he" ni sawa? (Wete)

Si sawa. "I wonder where he is."

"Awful" na "awesome" zote zimetoka kwenye "awe". Mbona moja sifa, nyingine lawama? (Mwanafunzi, Chake Chake)

"Awe" ni hofu iliyochanganyika na heshima, kama inayomshika mtu mbele ya utukufu. Zamani "awful" ilibeba maana hiyo hiyo. Baadaye ikateremka hadi "kibaya mno". "Awesome" ilibaki na uzito wake mpaka vijana wa Marekani walipoifanya "safi sana". Ukilishwa pweza wa nazi ukasema "awful", umemtukana mwenyeji wako. Lakini "awfully good" ni "nzuri mno". Kwenye barua ya kuomba kazi usiandike "awesome" hata kidogo.

Kwa nini Beit el Ajaib ni "House of Wonders", si "Wonderful House"? (Mlandege)

"Wonderful" siku hizi ni "nzuri sana" tu. Hata chai huitwa hivyo. "Wonders", yenye s, ni maajabu yenyewe. Sayyid Barghash alilijenga jumba lile mwaka 1883, na ndilo la mwanzo Zanzibar kutiwa umeme. "Wonder" bila s mara nyingi ni ule mshangao wa moyoni. Watembeza wageni, acheni kusema "Wonder House". Jina la jumba halikatwi ovyo. Na mkiwaeleza wageni lilivyochakaa hadi sehemu yake ikaporomoka Desemba 2020, mmoja akajibu "no wonder", amesema "ndiyo maana". Hakulidharau.

Simu inaniambia yote haya ni "kushangaa". Si nitumie lolote? (Mfanyakazi wa hoteli, Nungwi)

Hapana, na acheni kuchota neno moja moja kwenye simu bila sentensi yake. "Surprised": hukulitarajia, basi. "Astonished": umepigwa na butwaa. "Startled": mlango umebamizwa, ukaruka. "Shocked" mara nyingi huendana na habari mbaya au aibu; mgeni akikupa zawadi ukamwambia "I am shocked", atadhani amekuudhi. Usiseme "very astonished". Sema "absolutely astonished". Na mgeni akija mapokezi na "I was wondering if you could help me", hashangai chochote. Anaomba msaada kwa adabu, msaidie.