Siku niliyoita "Meli inazama" Mwanza

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, madirisha yakitazama Ziwa Victoria, nami, mwezeshaji wa semina, nilikuwa najiona hodari. Mbele yangu watu 34, wafanyakazi wa shirika moja waliotoka ofisi tatu za Kanda ya Ziwa, wengi wao wakijuana kwa barua pepe na simu tu. Chai ya saa nne imeshanyweka, makofi ya kilo mbili yameshapigwa, nikapaza sauti: "Meli inazama! Jiokoeni watatu watatu!"

Aliyewahi kukaa kwenye semina mbili tatu anaujua mchezo huu. Watu wanazunguka ukumbini, anayeongoza anataja namba, kila mtu anakimbilia kundi la idadi hiyo, na aliyekosa kundi amezama. Nilikuwa nimeuongoza Dodoma, Morogoro na Iringa, na kila mahali watu walicheka. Mwanza nako vicheko vilianza vizuri, isipokuwa mama mmoja wa makamo alibaki kasimama katikati. Wenzake wawili wakamvuta mkono, hakusogea. Kisha akachukua mkoba wake kwenye kiti akatoka nje, polepole, bila kumtazama mtu.

Kijana aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza: "Dada, yule kaka yake alikuwa kwenye Bukoba."

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 kwangu ilikuwa habari ya redioni na kumbukumbu ya kila mwaka kwenye magazeti. Kwa mtu wa Mwanza ni makaburi ya Igoma, na ni jina la mtu aliyetakiwa kufika nyumbani asubuhi ile. Halafu ipo MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, wakafa zaidi ya watu 200. Ningekuwa nimeupeleka mchezo uleule Unguja au Pemba ningekutana na ajali za meli za Spice Islander ya 2011 na Skagit ya 2012. Nilikuwa nimepita na mchezo wangu mikoa ya bara ambako meli ni picha tu, nikaubeba mpaka ufukweni mwa ziwa bila kufikiri hata dakika moja.

Nilimfuata wakati wa chakula cha mchana. "Mama, nisamehe." Akanitazama kidogo, akasema, "Ungejuaje, mwanangu? Ila hilo jina libadilishe."

Hakusema niuache mchezo. Alisema jina. Usiku ule nikalala nikiliwaza, na tangu hapo meli yangu imekuwa daladala.

Daladala linachezwa hivi. Mimi ndiye konda. Watu wanatembea ukumbini kama wako stendi, nagonga meza kama konda anavyogonga bodi ya gari, naita: "Wanne wanne, twende!" Wanakimbilia magari. Aliyekosa siti ameachwa na gari, na hapa nimebadilisha kitu cha pili: aliyeachwa hatoki mchezoni. Anakuja mbele, anakuwa konda wa safari inayofuata. Zamani waliotoka walikwenda kukaa pembeni na simu zao, na baada ya raundi nne nusu ya ukumbi ilikuwa Instagram. Sasa watu wanagombania kuachwa ili waite wao, na kila ofisi haikosi mtu aliyewahi kuwa konda kweli au anayetamani angekuwa. "Sogeeni nyuma huko, nyuma kuna nafasi!" Ukisikia hivyo kutoka kwa mhasibu mkimya ambaye hujawahi kusikia sauti yake, jua kazi yako imeshafanyika.

Kabla gari halijaondoka, abiria wanajibizana swali moja. Si "taja jina lako na cheo chako", hayo yameandikwa kwenye vitambulisho vifuani. Nauliza kazi ya kwanza uliyowahi kulipwa, hata kama ilikuwa kuuza karanga. Watu hawana hadithi wanayoipenda kuliko hiyo.

Piga hesabu kabla hujaita namba. Ukiwa na watu 34 ukaita watatu watatu, anabaki mtu mmoja peke yake, na ukimwachia mgeni wa ofisi ndiye awe huyo mmoja, umemuumiza. Ita wanne wanne, watabaki wawili, watachekana. Ita watano watano, watabaki wanne. Mimi huandika hesabu hizi kiganjani kwa kalamu, na sioni aibu.

Bosi ni habari nyingine. Wengine huwaomba mabosi waongoze mchezo. Mimi sikubaliani nao. Bosi akiongoza, watu wanacheka kwa nidhamu. Ninachofanya ni kumwona mapema, kabla ya kikao, nimwombe jambo moja: aachwe na gari wa kwanza. Wengi wanakubali upesi kuliko unavyodhani. Watu wanapomwona mkurugenzi kasimama peke yake stendi, wanacheka kwanza kwa uangalifu huku wakimtazama usoni, naye akicheka tu, ukumbi wote unafunguka. Asiyetaka kucheza namwomba kwa heshima aje baada ya nusu saa. Niliwahi kumwachia mmoja akae nyuma na laptopu yake. Mchezo ulikufa kama moto uliomwagiwa maji, na wala hakuwa amesema neno.

Kuna kikundi ambacho daladala haliwafai: wazee, akina mama wajawazito, wenye magoti mabovu, au ukumbi uliojaa meza. Hapo natoa mchezo ambao hakuna aliyefundishwa ukubwani. Nasema, "Kitendawili!" na ukumbi mzima, mpaka aliyekuwa anasinzia, unajibu, "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Kila niendapo ananifuata. Yai na kivuli kila mtu anavijua, hivyo baada ya hivyo viwili nawaachia wao wategeane, kundi kwa kundi. Wakishindwa wanatakiwa wampe mtegaji mji, na sheria yangu ni kwamba mji wenyewe lazima uwe ambao mmoja wa waliomo ukumbini amewahi kuishi. Kwa hiyo lazima waulizane kwanza. "Nani hapa kaishi Songea?" Anayepewa Songea akishafika huko na kujisifu alivyopokelewa, yule mwenye Songea yake anasahihisha: hakuna hicho chakula, hakuna barabara hiyo. Dakika kumi namna hiyo zimenifundisha watu kuliko utambulisho wa saa nzima.

Nyama nyama nyama nayo naipenda, lakini nayo ina mtego wake. Unaita "nyama ya mbuzi!" wote wanaruka na kujibu "nyama!" Unaita "nyama ya fisi!" na anayeruka ameliwa. Mwaka wangu wa kwanza niliita nguruwe. Nusu ya ukumbi ikaruka, nusu ikatulia tuli, na mtu mmoja akasema kwa sauti "kitimoto!" huku mzee mwenye kofia akitazama chini. Nani alikosea hapo? Hakuna, isipokuwa mimi. Nguruwe nimemtoa, ila ugomvi wenyewe nimeubakiza kwa makusudi, kwa kuita vitu visivyogusa ibada ya mtu. Nyama ya senene! Wahaya wanaruka mpaka dari, wengine wanawashangaa. Nyama ya pweza! Watu wa pwani wako juu, watu wa Singida wamekunja uso. Hapo nasimamisha mchezo na kumwuliza mmoja aliyeruka anawapika vipi. Watu hawakumbuki majina waliyotajiwa asubuhi, lakini wanamkumbuka dada wa masijala anayekula senene na chai.

Kuhusu utani wa makabila, nausikiliza tu. Mchaga na Mpare wakianza wenyewe, waache, wanajua mpaka wao uko wapi. Mwezeshaji akiuanzisha yeye kwa kipaza sauti, aliyetajwa hana njia ya kujibu.

Jambo jingine ni mikono. Michezo mingi iliyoandikwa vitabuni inataka watu washikane mikono, wakumbatiane, wapitie chini ya miguu ya wenzao. Ukumbini mwako kuna mwanamke ambaye dini yake haimruhusu kushikana mkono na mwanamume asiye wa kwao, kuna mama aliyevaa sketi ya kubana kwa sababu aliambiwa anakuja kwenye kikao, na kuna dada mwenye sababu zake ambazo hatakwambia. Mimi hutembea na khanga kuukuu nilizozikata vipande vya nusu mita. Badala ya kushikana viganja, kila mmoja anashika ncha ya kipande. Ule mchezo wa fundo, watu kumi waliosokotana mikono wakijifumua, unakwenda vilevile, pengine kwa vicheko zaidi kwa sababu khanga zinavutika, na hakuna aliyelazimika kumweleza mtu chochote.

Na kumchezesha aliyechelewa mbele ya watu, tafadhali, tuachane nako. Alilala kwenye foleni, au mtoto kaamka na homa. Mpe kiti.

Kingine kidogo ni muda. Ratiba ikisema saa mbili na nusu, watu wataingia mpaka saa tatu kasoro, basi usianze na mchezo unaotaka hesabu kamili ya watu. Anza na vitendawili, vinapokea wageni. Daladala liache mpaka saa nane mchana, wali umeshawakalia tumboni na macho yameanza kuwa mazito. Dakika 15 zinatosha. Nasikilizia ile sauti ya "Dada, raundi moja tu, ya mwisho!", na nikiisikia mara ya pili nagonga meza: gari limefika mwisho, shukeni na mguu wa kushoto.