Baba, nilipe hiyo laki tatu?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema umepata nafasi ya fildi, yaani mafunzo ya kazini, huko Dar, kwenye kampuni ambayo mkuu wake ni mgeni, na mwenzako wa bwenini anakushawishi mlipe shilingi laki tatu kwa kozi ya wiki sita ya Kiingereza cha biashara. Halafu ukamalizia: "Na wewe baba uliwezaje, mtu uliyeishia kidato cha nne?"

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kitako.

Niliingia ofisi ya wakala wa forodha mwaka 1988, kazi yangu kupeleka makaratasi bandarini na kuyarudisha. Kiingereza nilichokuwa nacho ni cha kujibia mtihani. Hadi leo naweza kukueleza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, lakini siku niliyoambiwa nipokee simu ya Lusaka, jasho lilinitoka hadi kwenye kola. Na nyie ni vilevile: miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari mkakariri kwa Kiingereza ili mfaulu. Nani aliwahi kukufundisha kumwambia mteja kwamba mzigo wake umechelewa?

Kosa lililonifungua macho nililifanya mwaka 1997, mwaka ule wa mvua za El Niño. Mteja wetu wa Zambia alikuwa na maboksi ya karatasi za kuchapia juu ya lori la kukodi. Turubai likapasuka, maboksi yakalowa chapachapa. Mimi, mtoto niliyelelewa na bibi yako, nikaona haiwezekani mtu apate hasara nisimpe pole. Nikamtumia faksi: "We are very sorry for your wet goods." Kichwani mwangu hiyo ilikuwa pole tu, kama unayompa mtu aliyejikwaa njiani. Hukumsukuma wewe, lakini pole unampa.

Kesho yake jibu likaingia: "We note that you accept liability." Neno la mwisho sikulijua. Nilifungua kamusi nikiwa nimesimama, nikakaa. Mteja alikuwa anasema kwamba, kwa maandishi yetu wenyewe, tumekubali hasara ni yetu.

Bosi wangu hakufoka. Alinisogezea kiti, akachukua kalamu, akaandika: "We regret to learn that..." Akaniambia sentensi hiyo inasikitika bila kujitwika mzigo. Barua sita zilihitajika kuirudisha ile pole yangu nyumbani.

Kuanzia siku hiyo nikaacha kuwinda maneno makubwa. Nikawa natafuta pale ambapo adabu yetu au hesabu yetu, ikivushwa kwenda Kiingereza, inageuka kitu kingine. Zipo sehemu nyingi. Saa, kwanza. Niliwahi kumwambia mkaguzi wa mizigo aje "at three", nikimaanisha saa tatu asubuhi. Akatokea saa tisa alasiri, wakati fundi wa kufungua kontena ameshaondoka. Kisha neno "yeye". Lugha yetu haijali kama yeye ni mume au mke, kwa hiyo ulimi unateleza, na mama wa watu anaitwa "he" mbele ya kikao kizima. Na "nitajaribu". Kwetu ni hapana ya kistaarabu, kila mtu anaelewa. Mgeni akiisikia anaiandika kwenye ratiba, na Ijumaa anakuja kuuliza kazi iko wapi. Kama huwezi, mwambie huwezi, na useme lini utaweza.

Barua pepe ndizo nitakazokusumbua nazo zaidi. Sisi hatuombi kitu kabla ya kujuliana hali. Unampigia mjomba wako simu, unaulizia watoto, unaulizia shamba, unaulizia mvua, na shida yako unaisema wakati wa kuaga. Ni vizuri, na usiache. Lakini ukimwandikia hivyo mtu anayepokea barua themanini kwa siku, atafika aya ya pili na kwenda zake, na ombi lako liko aya ya nne. Sentensi ya kwanza iseme unataka nini na unakitaka lini. Usidhani huo ni uzungu. Barua za serikali yetu zinaweka "Yah:" juu kabisa, kabla ya maneno mengine yote. Tatizo ni kwamba baada ya hapo tunarudi palepale: "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu." Nimeona watu wakiitafsiri hiyo kwa Kiingereza, neno kwa neno, na kuianzishia barua. Msomaji ameshalisoma somo, mwanangu. Endelea mbele.

Na maneno yawe mepesi. Wateja wetu wa Lubumbashi walikuwa watu wa Kifaransa na Kiswahili chao cha Katanga, lakini makaratasi ya meli yalikuwa ya Kiingereza, basi sote tukawa tunaandikiana lugha ya kuazima. Pale ndipo nilipoona faida ya sentensi fupi: kontena gani, iko wapi, nani analipa, mwisho lini. Hakuna aliyewahi kutupigia simu kuuliza kwa nini hatukutumia msamiati mgumu.

Kuhusu vikao, usishtuke. Kwenye ofisi nyingi za Dar utakuta mjadala unakwenda kwa Kiswahili, na utani juu, halafu muhtasari unaandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuandika muhtasari watu wanaikimbia. Iombe. Ndani ya miezi miwili utakuwa umejua kila jambo la ofisi ile na namna linavyosemwa kwa Kiingereza. Mgeni akiwepo kikaoni, usikae kimya mwanzo hadi mwisho. Nyumbani tulikufundisha mdogo asikilize, na mimi mwenyewe nilisimamia hilo, ila mkuu wako atadhani hujaelewa au huna la kusema. Sema hata moja. Na usilolielewa uliza palepale, maana kutikisa kichwa kana kwamba umeelewa kumeshaharibu mizigo mingi kuliko mvua.

Shikamoo usiiache. Mlinzi, mama wa usafi, mhasibu mwenye mvi, wote wape shikamoo yao koridoni, hata kama kwenye barua utaandika "Dear". Mimi mizigo yangu mingi ilitoka mapema kwa sababu ya shikamoo. Na tafadhali, bosi asitumiwe ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Mimi baba yako sivumilii, sembuse yeye.

Sasa hiyo laki tatu. Nendeni mkawaulize wenye kozi swali moja: kazi zetu nani atazisahihisha kwa kalamu, na mara ngapi? Wakijibu kwamba mtafundishwa lafudhi na kujiamini, rudini chuoni. Lafudhi yako ya Muheza haina kasoro. Wakisema mtaandika barua kila wiki na kurudishiwa zikiwa na wino mwekundu, nitachangia nusu. Kabla ya hapo fungua madaftari yako ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, yale uliyosoma ili ufaulu tu, uyasome upya kama mtu mwenye kazi Jumatatu.

Nilijifunza kwa kunakili. Kila barua nzuri iliyoingia ofisini, sentensi yake moja niliihamishia kwenye kaunta buku langu, na pembeni nikaandika ilitumika kwa jambo gani. Buku hilo nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Mfuate stendi ya Msamvu mchana, utalikuta limefungwa kwa gazeti pamoja na machungwa ya mama yako. Kurasa za mwanzo usizicheke. Ile faksi ya Lusaka nimeibandika humo, ila karatasi za faksi hufifia, imebaki nyeupe kabisa. Chini yake nilishaiandika upya kwa mkono.

Barua yako ya kujitambulisha kwa hiyo kampuni nitumie kabla ya Alhamisi. Kalamu nyekundu ninayo.

Baba yako