Maswali na Majibu: Darubini Inayotembea Juu ya Bastola

Barua za wiki hii karibu zote zinalia kilio kimoja. Darubini au kioo cha nukta nyekundu (kifaa kidogo kinachokuonyesha nukta ya kulengea) kimefungwa juu ya bastola, kimerekebishwa hadi risasi zinagusa katikati, kisha baada ya muda mfupi risasi zinaanza kugonga pengine bila sababu inayoonekana. Nazijibu moja baada ya nyingine. Kabla hujagusa skrubu yoyote, toa magazini au fungua silinda, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, na risasi zenyewe ziweke chumba kingine. Hilo sitalijadili na mtu.

Mwalimu, mimi ni mtoto wa Umoja ila sasa naishi Texas, ambako nguruwe mwitu wanaharibu mashamba na tunaruhusiwa kuwawinda kwa bastola. Rivolva yangu ni ya .44 Magnum, na juu yake nimefunga darubini ndogo. Nikipiga risasi chache tu naona utepe unaong'aa kwenye bomba la darubini, mbele kidogo ya pete zinazoishikilia. Nimekaza skrubu hadi kiganja kinauma. Nifanye nini zaidi? – P.M.

Huo utepe unaong'aa, P.M., unatueleza kila kitu. Bastola inarudi nyuma kwa ghafla (ndilo teke lenyewe), darubini inataka kubaki pale ilipokuwa, na pete zinateleza chini yake. Ni kama abiria aliyesimama kwenye matatu pale dereva anapoondoka kwa fujo: gari linakwenda, yeye anabaki. Ndiyo maana alama iko mbele ya pete na si nyuma yake.

Hebu tupige hesabu. Risasi ya .44 Magnum yenye gramu 15.5 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde. Ukihesabu na gesi ya baruti inayotoka pamoja nayo, rivolva ya kilo 1.3 inajibu kwa kurudi nyuma kwa kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde, na kasi hiyo inaipata ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa kitambo hicho kidogo, darubini ya gramu 200 inazivuta pete kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Sasa fikiria skrubu nne nyembamba zinazotegemewa kuishikilia kwa msuguano peke yake.

Kwa hivyo acha kukaza. Pete za aliminiamu zikibanwa kupita kiasi hulibonyeza bomba, na bomba lililobonyea hukwamisha sehemu za ndani zinazosogeza alama ya kulengea. Utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Pete nyingi huhitaji Nm 1.7 hadi 2 tu kwa kila skrubu (Nm, yaani niutonimita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kijitabu cha mtengenezaji kikisema vinginevyo, kifuate hicho.

Anza na usafi. Fungua kila kitu, futa bomba na sehemu ya ndani ya pete kwa asetoni au spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mafuta kidogo ya bunduki, hata yale ya vidole vyako, yanatosha kuifanya pete kuwa barabara ya kuteleza. Zikishakauka, nyunyiza ndani ya pete unga mwembamba wa ule utomvu mkavu ambao wapiga fidla hupaka kwenye upinde. Duka la ala za muziki litakuwa nao. Wawindaji wa bastola wameutumia miaka mingi na unashika kwelikweli. Ukiweza, ongeza pete ya tatu. Kwenye bastola zenye teke kali kuliko yako, kama .454 Casull au .500 Smith & Wesson Magnum iliyotoka mwaka 2003, pete tatu ni jambo la kawaida, na wengine huweka nne.

Halafu kuna kosa ambalo ninaliona kwa watu wenye uzoefu kabisa. Chini ya kila pete kuna bolti inayokaa ndani ya mfereji wa reli, kile kipande cha chuma kilichofungwa juu ya bastola ili kubeba pete. Mfereji huwa mpana kidogo kuliko bolti, kwa hiyo pete ina nafasi ya kucheza. Ukikaza pete ikiwa katikati ya nafasi hiyo, risasi ya kwanza itaisogeza. Isukume pete mbele, kuelekea mdomo wa mtutu, mpaka usikie bolti imegota ukingo wa mfereji. Ishikilie hapo hapo huku unakaza. Bastola itakaporudi nyuma, ukingo huo utaisukuma bolti moja kwa moja, chuma kwa chuma, na skrubu zitabaki na kazi ndogo ya kuzuia pete isiinuke. Nakusihi ulishike hili hata kama utasahau mengine yote.

Mwisho, iangalie reli yenyewe. Skrubu zinazoifunga kwenye rivolva mara nyingi zina unene wa milimita 3.5 tu, na kwa teke la mara kwa mara vichwa vyake hukatika. Fundi bunduki anaweza kupanua matundu yake na kutia skrubu za milimita 4.2, au kukutafutia reli yenye jino linaloingia kwenye chuma cha bastola. Kampuni ya Ruger waliona mbali: rivolva yao ya Super Redhawk ina mikato ya pete kwenye fremu yenyewe, hakuna reli ya kung'oka. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo bastola kama yako hatuzioni sana, lakini sheria za mwendo ni zile zile hata kwa bastola ndogo, kama utakavyoona kwenye barua inayofuata.

Habari Mwalimu. Napiga shabaha na wenzangu wikendi hapa Nairobi kwa bastola ya 9mm yenye nukta nyekundu juu ya slaidi. Kila mwezi skrubu zinalegea. Nimeambiwa 9mm haina teke, sasa tatizo ni nini? – Dada wa Lang'ata

Aliyekuambia hivyo, dada, alikuwa anazungumzia mkono wako. Mkono wako hausikii mengi, ila slaidi inasikia. Kifaa chako hakiko kwenye fremu iliyotulia, kiko juu ya chuma kinachokimbia nyuma kwa kasi, kinagonga mwisho, kisha kinarudi mbele na kugonga tena. Kila risasi ni vipigo viwili, kimoja huku na kimoja kule. Nafuu yako ni kwamba kifaa ni chepesi, mara nyingi gramu 30 hadi 60.

Chunguza bamba linalokaa kati ya slaidi na kifaa. Kuna vijino vidogo vinavyotakiwa kuingia kwenye matundu ya chini ya kifaa bila mchezo. Kamata kifaa kabla ya kutia skrubu, kisukume mbele na nyuma. Kikicheza, hata kwa unene wa ukucha, bamba hilo halikufai, na skrubu ndizo zinazobeba mzigo wa vijino.

Urefu wa skrubu nao ni muhimu. Fupi mno haishiki nyuzi za kutosha. Ndefu mno inafika chini kabla ya kubana, nawe unadhani imekaza. Kwenye baadhi ya bastola skrubu ndefu ya upande wa kulia hugusa sehemu za kivuta ganda, kile kinachotoa ganda la risasi iliyopigwa, na bastola huanza kukwama. Tumia zile zilizokuja na bamba lako. Kisha nunua bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Vifaa vingi vya aina hii vinataka Nm 1.3 hadi 1.7, kiwango ambacho mkono mtupu haukipimi sawasawa hata siku moja.

Fundi wangu anatia supagluu kwenye skrubu. Ni sawa? – Mzee wa Kasarani

Si sawa, mzee wangu. Supagluu ikikauka huwa ngumu na dhaifu kwa mshtuko, inapasuka vipande vipande. Tafuta gundi maalumu ya skrubu. Loctite 222 ya zambarau hutosha kwa skrubu ndogo, na 242 ya buluu kwa zile za reli. Tone dogo tu, kwenye nyuzi zilizosafishwa kwa spiriti, kisha iache usiku mzima kabla ya kupiga. Nyekundu usiiguse: kuifungua kunahitaji moto mkali, na moto huo utaua kioo. Kwenye skrubu za pete zinazobana bomba mimi sitii gundi, kwa sababu ikiwa mbichi huteleza na kukufanya ukaze kupita kipimo.

Nina darubini nzuri ya raifo imekaa tu nyumbani. Naweza kuihamishia kwenye bastola? – K.O., Embakasi

Hapana. Darubini ya raifo inakutaka uweke jicho sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye kioo. Bastola unaishika kwa mikono iliyonyooka, kwa hiyo hutaona kitu ila giza lenye kijidoa cha mwanga. Ukiivuta karibu ili uone, teke litakupasua juu ya jicho. Darubini za bastola hutengenezwa kwa umbali wa takriban sentimita 45 au zaidi, na ukuzaji wa chini, kama mara 2.

Nitajuaje kama darubini ndiyo inayohama au ni mkono wangu? – Mwanafunzi wako, South B

Chukua rangi ya kucha, nyeupe au nyekundu. Ukishamaliza kukaza, piga mstari mwembamba unaovuka kichwa cha skrubu na kuingia kwenye pete. Piga mwingine kutoka ukingo wa pete hadi kwenye bomba, na wa tatu kutoka pete hadi kwenye reli. Nenda uwanjani, weka bastola juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tano, angalia mistari. Piga tano nyingine, angalia tena. Mstari uliokatika utakuonyesha mahali penyewe: kwenye skrubu, kwenye bomba, au kwenye reli.

Mistari yote ikiwa mizima lakini kundi la risasi limehama, shuku sehemu za ndani za darubini. Ifunge darubini nyingine unayoiamini na urudie. Tatizo likiondoka, ya kwanza imekufa ndani. Likibaki, mwombe mpigaji mwenye mkono mtulivu apige kwa bastola hiyo hiyo. Hapo ndipo tutakapozungumza kuhusu mkono wako, na si kabla.

Kuna jamaa wa jua kali Gikomba anayechomelea kila kitu. Nimpelekee anichomelee reli juu ya slaidi? – D.W.

Usithubutu. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma uliowekwa kiwandani, na slaidi iliyolegea ugumu inaweza kupasuka mbele ya uso wako. Tena chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kazi ya kutengeneza silaha hufanywa na mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Kumwachia silaha mtu asiye na kibali ni kuhatarisha leseni yako na uhuru wenu nyote wawili. Nenda kwa aliyesajiliwa ukiwa na cheti chako, mweleze unachotaka kufunga, na upate idhini ya afisa wa leseni kwa maandishi kabla hujaagiza kifaa chochote kutoka nje.